Mwanafunzi mchangamfu asiandikwe mkorofi kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo huniumiza kila ifikapo mwisho wa mwaka, shule zinapojaza ripoti za tabia na maendeleo ya wanafunzi na kuwaandikia wahitimu barua za mapendekezo. Katika sekondari nyingi karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza, na mahali ambapo mwandishi hupotea zaidi si kwenye sarufi wala tahajia, bali ni pale anapotafuta kivumishi cha kumweleza kijana mwenye sauti, mwenye vishindo, mwenye mbwembwe au mwenye kupenda kuonekana. Kiingereza kina vivumishi vingi vya tabia hizo, na karibu kila kimoja kimebeba hukumu yake: kimoja humsifu mtu, kingine humvumilia, kingine humshitaki. Tunapovitumia kana kwamba vyote vina maana moja, tunatoa hukumu ambazo hatukuzikusudia, na anayezibeba ni kijana asiye na nafasi ya kujitetea.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapa jijini Mbeya, na kwa sababu hiyo wazazi huniletea karatasi za Kiingereza niwasomee. Mwaka huu alinijia mama mmoja wa Uyole akiwa na barua ya binti yake, aliyekuwa akiomba nafasi ya mafunzo ya hoteli na utalii. Barua ilikuwa imechapwa vizuri, ina mhuri na sahihi, na ndani yake mwalimu wa shule ambayo sitaitaja alikuwa ameandika kwamba binti huyo ni "loud, vociferous and flamboyant". Mama alikuwa ameihifadhi katika bahasha ya kaki, na alitaka nimfafanulie maneno hayo matatu ili naye aweze kuwaeleza ndugu zake. Kwa ruhusa yake nilimpigia simu aliyeiandika, naye akanieleza bila kusita alichokuwa anakisema: binti alikuwa kiongozi wa midahalo, sauti yake ilifika nyuma ya bwalo bila kipaza sauti, na alipoigiza kwenye mahafali watu walisimama kumtazama. Hizo ni sifa njema, na kwa kazi ya kupokea wageni ni sifa zinazotafutwa. Lakini msomaji aliyekaa ofisini, asiyemjua binti huyo, angeona msichana wa makelele, asiyenyamaza akishakuwa na la kusema, na anayejiweka mbele ili atazamwe. Nilipomaliza kueleza, mama aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo wamemsifu mwanangu au wamemsema?"

Barua iliandikwa upya na mwalimu yule yule, ambaye alilipokea jambo hili kwa moyo mweupe, na namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, wapo vijana wengi ambao barua zao hazikupita kwa mtu wa tatu kabla ya kutumwa, na ndio wanaonifanya niandike.

Nianze na "loud", kwa kuwa hufundishwa mapema na hudhaniwa kuwa halina madhara. Likifuatana na sauti, muziki, honi au redio, linataja ukubwa wa sauti tu na halimlaumu mtu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi asome "loud and clear" anamtia moyo, na kusema "she has a loud voice" ni kueleza koo la mtu lilivyo. Likiondolewa kwenye sauti na kubandikwa kwa mwenye sauti, likawa "she is loud", maana inageuka: sasa linasema kwamba mtu huyo hana staha, anazungumza kupita kiasi na hajali walio karibu naye. Limebadilika neno dogo tu, "has" imekuwa "is", na sifa ya sauti imekuwa dosari ya malezi. "Noisy" nalo halipimi ukubwa wa sauti, bali husema kwamba sauti hizo ni kero au zimechanganyika: barabara ya Kabwe saa za jioni, mashine ya kusaga, darasa lisilo na mwalimu. Redio inaweza kuwa "loud" na wenye nyumba wakaifurahia. Ikiitwa "noisy" maana yake inakwaruza na inahitaji fundi. Mwanafunzi anayepewa maneno hayo mawili kwenye mstari mmoja wa daftari, yakiwa na alama ya sawasawa katikati, amenyimwa jambo ambalo alilihitaji zaidi.

"Vociferous" limetokana na maneno mawili ya Kilatini, la sauti na la kubeba, na mpaka leo linawahusu watu wanaobeba maoni na kuyatangaza: wapinzani wa mpango fulani, wakosoaji, watetezi wa jambo. Halisemwi juu ya mashine wala halimfai mtoto anayecheza. Mkulima wa chai wa Rungwe anayesimama katika kila mkutano kudai kwamba malipo ya majani yasicheleweshwe anaweza kuitwa "vociferous" bila kutukanwa, kwa kuwa ana dai na hachoki kulisema. Binti wa Uyole alitetea hoja za upande aliopangiwa katika mdahalo, kisha akakaa. Lililomfaa lilikuwa "articulate", au maneno mepesi kabisa kwamba anajieleza vizuri mbele ya watu wengi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba makosa haya hatuyafanyi katika Kiswahili. Hakuna mwalimu wa Tukuyu, Mbozi au Mufindi atakayemwandika mkorofi mtoto aliye mchangamfu, kwa sababu anajua jinsi mzazi atakavyolipokea kila neno. Mtundu anaweza kuwa mtoto aliyefungua redio ili aone kilichomo, na baba yake akamtaja kwa tabasamu. Mtukutu amezidi kidogo, hatulii mahali pamoja. Mkaidi ameambiwa akakataa. Mkorofi anatafuta ugomvi. Vifijo na nderemo tunavijua kuwa ni vya harusini, hoihoi na shangwe ni za furaha ya wengi, zogo ni la watu wanaobishana, fujo na vurugu zinahitaji mtu wa kuzituliza. Tukija upande wa kujionyesha, umaridadi na utanashati ni sifa, mbwembwe na madoido hutegemea nani anayasema na wapi, ilhali mikogo, maringo na majivuno hakuna anayependa kuandikiwa. Hazina yote hiyo tunayo, na tunaitumia kila siku sokoni, kanisani na kwenye vikao vya ukoo bila kukosea.

Nadhani chanzo kimojawapo ni namna lugha hizi mbili zilivyojengwa. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, na mambo mengi ya tabia tunayasema kwa nomino na vitenzi: mtu ana mbwembwe, anajishaua, anapiga kelele, anafanya fujo. Aliyezoea hivyo anapokutana na safu ndefu ya vivumishi vya Kiingereza huviona kuwa mapambo ya sentensi, na pambo hudhaniwa kufaa popote ilimradi linavutia. Kumbe ile hukumu ambayo Kiswahili kimeiweka katika nomino au kitenzi, Kiingereza kimeificha ndani ya kivumishi chenyewe. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwaambia watangulize Kiswahili: kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza juu ya watu wenye kelele, waamue kwanza kama walichokiona kilikuwa shangwe au fujo, kwa sababu uamuzi huo ukishafanyika nusu ya maneno yaliyo kwenye orodha huondoka yenyewe.

Neno la shangwe ni "boisterous". Zamani lilieleza vitu vikali na visivyolainika, hasa upepo na bahari. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, katika Mathayo 14:30 inasema Petro aliogopa alipoona upepo ukiwa "boisterous", mahali ambapo Biblia ya Kiswahili inayosomwa sana makanisani mwetu inasema tu kwamba alipouona upepo, akaogopa. Leo neno hilo limehamia kwa watu, hasa watoto, vijana na umati wenye furaha, na maana yake ni kelele, kurukaruka na nguvu nyingi zisizo na nia mbaya. Anayelitumia huenda amechoka, lakini hajakasirika. "Rowdy" lilianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, kwanza likiwa jina la mtu mgomvi asiyefuata sheria, na halijauacha ukoo wake: lina kelele zile zile, lakini limeongeza uvunjaji wa utaratibu, kama wa abiria waliolewa, wateja wanaopindua viti au wanafunzi wanaorusha mawe kwenye madirisha ya bweni.

Wapenzi wa soka wa hapa kwetu wanaielewa tofauti hiyo hata kama hawajawahi kuisikia kwa Kiingereza. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, rangi ya zambarau ilitawala jukwaani katika Uwanja wa Sokoine, na nyimbo zilisikika mbali na uwanja. Mwandishi anayewaambia wasomaji wa nje kwamba mashabiki wa namna hiyo walikuwa "rowdy" anawaambia kwamba kulikuwa na fujo na pengine askari waliingilia kati. Akiandika "boisterous" anasema kwamba waliimba, waliruka, wakarudi Mwanjelwa na Soweto wakiwa wamepwelewa sauti. Kama chupa zilirushwa, "rowdy" ni neno la haki na litumike bila woga. Kama hazikurushwa, watu wa mji mzima wamesingiziwa, na taarifa hiyo inasomwa Nairobi na London na watu ambao hawatakuja Mbeya kuhakikisha.

Zaidi ya hapo kuna "riotous", ambalo ningeomba walimu waliogope kabisa katika ripoti za shule. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, watu watatu au zaidi wakikusanyika kwa nia ya kutenda kosa huwa mkusanyiko usio halali, na wanapoanza kuitekeleza nia hiyo kwa kuvunja amani, hilo ndilo kosa ambalo kwa Kiingereza huitwa "riot". Ni kweli kwamba Waingereza wanaweza kusema bustani iliyojaa maua ya kila namna ni "a riot of colour" bila kumtisha mtu. Likiandikwa juu ya wanafunzi waliogomea chakula, hata hivyo, linaweza kusomwa na ofisa wa chuo au mwajiri kwa maana yake ya kisheria.

"Raucous" lina njia yake. Kwa Kilatini maana yake ni sauti iliyokauka, na hadi leo humhusu kunguru, kicheko cha kilabuni na mlio unaokwaruza masikio. Nimewahi kuona kwaya ya kanisa ikielezwa kwa neno hilo katika kipeperushi cha tamasha, na waimbaji wenyewe wakadhani wamepongezwa. Kwaya za Kimoraviani na za Kilutheri za Nyanda za Juu Kusini huimba sauti nne zilizopangiliwa, nazo zilistahili "powerful" au "rousing", yaani zenye nguvu au zenye kuamsha hisia. "Uproarious" nalo huwachanganya wengi kwa sababu limefanana na mngurumo, ingawa limetokana na neno la Kiholanzi la uasi. Leo kazi yake kubwa ni kueleza vicheko na vichekesho vinavyovunja mbavu, na mchekeshaji akiitwa hivyo hana sababu ya kulalamika.

Yapo maneno mawili marefu ambayo wanafunzi wangu huyapenda kupita kiasi, nayo ni "rambunctious" na "obstreperous". Yakiwekwa pamoja yanaonekana mapacha, na orodha nyingi za visawe huyaweka pamoja kweli. La kwanza ni la Kimarekani, la karne ya 19, na huwa na upendo ndani yake: husemwa juu ya watoto na hata watoto wa mbwa, wale wasiotulia ambao mtu huwafukuza huku anacheka. Hilo liko karibu sana na mtundu wetu. La pili limejengwa juu ya kitenzi cha Kilatini cha kupiga kelele, likatanguliwa na kiambishi cha kupinga, na maana yake ni mtu anayepiga kelele kwa kukataa kutawaliwa: mlevi anayeamriwa atoke na hatoki, mwanafunzi anayemjibu mwalimu mbele ya darasa. Hilo ni la mkorofi na mkaidi kwa pamoja. Mwalimu akiandika "obstreperous" kwa kuwa neno ni refu na linaonyesha usomi, amemwandikia mwanafunzi shitaka la utovu wa nidhamu kwa herufi zake mwenyewe.

Hapa nafika kwenye kiini cha tatizo, ambacho ni imani kwamba neno gumu ni neno bora. Imani hiyo tumeipanda sisi walimu. Tunawaambia wanafunzi watajirishe msamiati, tunawapa maneno kumi yenye maana inayokaribiana, tunawapa alama wanapotumia lisilojulikana sana, na hatuwaulizi kama walichokisema ndicho walichokiona. Simu za mkononi zimeongeza kasi ya jambo hilo, kwa kuwa mtu akiandika "loud" na kuomba visawe hupata orodha nzima kwa dakika moja, bila kuelezwa lipi ni la sauti na lipi ni la rangi, lipi ni la mtoto na lipi ni la mhalifu.

Wanaotunga orodha hizo hawakuwahi kudai kwamba maneno yake yanabadilishana nafasi. Daktari Peter Mark Roget, ambaye kitabu chake cha mwaka 1852 ndicho kilichowazoesha Waingereza kutafuta maneno kwa makundi ya maana, alieleza katika utangulizi kwamba kupambanua tofauti za maneno yanayofanana ni kazi nyingine, ambayo yeye hakuikusudia. Alimwandikia mtu anayeijua lugha tayari na aliyesahau tu neno analolitaka. Kumpa orodha ya namna hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili wa Chunya au Ludewa ni kumpa funguo nyingi za milango asiyoijua.

Kwa bahati njema, kazi ambayo Roget hakuikusudia imefanywa na wengine. Mwingereza A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, aliandaa na wenzake kamusi kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 na baadaye Oxford mwaka 1948. Mwanaisimu J. R. Firth alisisitiza katika miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham akalijenga wazo hilo kwa kukusanya maandishi mengi katika kompyuta, ambayo yalizaa kamusi ya COBUILD mwaka 1987. Kamusi za aina hiyo sasa zinapatikana bure kwenye intaneti, na faida yake kubwa haiko katika fasili bali katika mifano. Ukisoma mifano michache ya "boisterous" utakutana na watoto, michezo na sherehe. Ukisoma ya "rowdy" utakutana na walevi na polisi. Ukisoma ya "vociferous" utakutana na wapinzani na wakosoaji. Maneno jirani ndiyo yanayokuambia umeingia nyumba ya nani.

Upande wa macho nao una mitego yake, na kwa mkoa unaopokea wageni kama wetu mitego hiyo inagusa biashara. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuwa akimsaidia shangazi yake, muuza vitenge wa Mwanjelwa, kuandika tangazo la Kiingereza la mtandaoni kwa ajili ya watalii. Alitaka kusema kwamba vitenge vyao vina rangi zinazong'aa, simu ikampa "garish" na "gaudy", naye akayaandika yote mawili juu ya picha ya kitenge cha manjano na buluu ambacho mimi mwenyewe ningekinunua. Maneno hayo husemwa zaidi juu ya vitu kuliko watu, na yote mawili ni ya kulaumu: rangi zimezidi, zinachoma macho, hazina ladha. "Bright", "vivid" au "colourful" yangemaliza kazi bila madhara. Hata neno la kawaida "loud" likiwekwa kwenye shati au kitambaa huacha kuwa la sauti, likasema kwamba rangi zinapiga kelele. Na asije mtu akaongeza "tawdry" kwa sababu ameliona jirani. Neno hilo lilizaliwa kutokana na utepe uliouzwa katika maonyesho ya Mtakatifu Audrey, yaliyofanyika kila mwaka mji wa Ely, Uingereza. Utepe huo baadaye ukawa bidhaa hafifu ya kung'aa, na jina la mtakatifu likageuka kuwa tusi la vitu vya bei rahisi vinavyojifanya vya thamani.

"Showy" huonyesha vizuri jinsi neno moja linavyobadilika kufuatana na linayemwendea. Wataalamu wa mimea wakisema maua ni "showy" wanataja kwamba ni makubwa, yanaonekana kwa mbali na yanapendeza. Mwongozaji wa wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji wameiita Bustani ya Mungu na ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, anaweza kulitumia kwa okidi zinazochanua wakati wa mvua, na atakuwa amesema vyema. Akimwambia mgeni kwamba dereva wao ni "showy", amemwambia kwamba dereva ana mikogo. "Flashy" halifichi chochote: linataja fedha, magari na mavazi ya kung'aa, na ndani yake kuna dharau. "Ostentatious" huenda mbali zaidi, kwa kuwa linagusa nia. Nyumba kubwa iliyojengwa Iringa mjini si "ostentatious" kwa ukubwa wake. Inakuwa hivyo iwapo msemaji anaamini kwamba mwenye nyumba aliijenga ili majirani wamwone. Ni neno la kumshitaki mtu kwa kilicho moyoni mwake, na kwa hiyo linahitaji ushahidi kuliko mengine yote.

"Flamboyant" ndilo ningependa kulitetea, kwa sababu limeonewa pande zote mbili, kwa kutumiwa ovyo na kwa kuogopwa. Limetoka Kifaransa na maana yake ni kuwaka moto. Katika karne ya 19 Waingereza walilitumia kueleza mtindo wa madirisha ya makanisa ya kale ambayo nakshi zake za mawe zilipinda mithili ya ndimi za moto, na ndilo jina wanaloupa ule mti wenye asili ya Madagaska ambao sisi tunauita mkrismasi, kwa kuwa huchanua mwekundu mwisho wa mwaka. Likisemwa juu ya mwanamuziki, mchezaji au mwigizaji, ni sifa inayokaribia sana mbwembwe: ana ujasiri, ana mtindo, anajaza jukwaa. Likisemwa juu ya mhasibu, muuguzi au mtu anayeomba kazi ya mapokezi, msomaji hujiuliza kama atatulia kazini. Kwa binti wa Uyole lingekaa vizuri kabisa kama lingefungwa kwenye uigizaji wake, kwa sentensi inayosema kwamba alipokuwa jukwaani alikuwa "flamboyant", na pasipo kuwekwa kama tabia yake ya kila saa.

Siwezi kuliacha suala la wasichana. Kiingereza kina vivumishi vya sauti kali inayochoma masikio, hasa "shrill" na "strident", ambavyo vikisemwa juu ya sauti ya binadamu huangukia wanawake mara nyingi kuliko wanaume, na "loud" nalo limeanza kuelekea huko. Katika midahalo ya shule nimeona mvulana na msichana wakizungumza kwa nguvu ile ile, kisha katika fomu za tathmini mvulana akaandikwa "confident", yaani anayejiamini, na msichana "loud". Hilo halitibiwi na kamusi. Mwalimu anapoandika juu ya msichana mwenye sauti, na ajiulize angemwandikaje kaka yake aliyefanya vile vile, na kama jibu ni neno jingine, basi neno la kwanza lilikuwa la chuki na lifutwe.

Kwa hiyo nina maombi. Kwanza, kwa walimu wenzangu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa: tuache kufundisha visawe kwa orodha, tuvifundishe ndani ya sentensi zenye watu na mahali, na mwanafunzi akituandikia "noisy" palipofaa "noisy" apewe alama sawa na aliyeandika neno refu lililofaa. Pili, kwa wanaojaza ripoti na barua za mapendekezo: pale unaposita juu ya kivumishi, andika tendo. Ukisema kwamba mwanafunzi aliongoza mdahalo wa shule mbele ya wanafunzi wote na akasikika hadi nyuma, hakuna msomaji atakayekuelewa vibaya, na hakuna kamusi utakayoihitaji. Pale ambapo chuo au mwajiri yupo hapa hapa nchini, sioni kwa nini barua hiyo isiandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mwandishi na msomaji wote wawili wanaipima kwa uhakika.

Tatu, kwa wakuu wa shule: kabla barua haijagongwa mhuri, isomwe na mwalimu wa pili, na mzazi anayeomba kufafanuliwa kilichoandikwa juu ya mwanawe afafanuliwe neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ni haki yake. Mwisho ni ombi kwako, Ndugu Mhariri: mwezi Novemba, shule zinapoanza kujaza ripoti, ukurasa wako wa elimu utenge nafasi kidogo kila wiki kwa maneno ya namna hii, ukianza na "loud" na "boisterous". Niko tayari kuandika bila malipo, na ninawajua walimu wengine wa Mbeya na Iringa watakaonisaidia.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza,
Mbeya